Meza Iliyohamia Jikoni

Mume wangu ni fundi bomba, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa na neno moja tu kuhusu mvinyo: zabibu. Ukimpa mwekundu, atasema zabibu. Ukimpa mweupe, atauinua kwenye mwanga, atakunja uso kama mtu anayesikiliza bomba linalovuja ndani ya ukuta, kisha atasema zabibu. Nimemtania, nimemgombeza, nimemnunia. Hakubadilika.

Nieleze kwanza utaratibu wa nyumba yetu, maana bila huo hamtaelewa kwa nini nilisusa meza yangu mwenyewe. Kila Jumapili mchana tunafungua chupa moja. Ilianza pale mama mmoja aliyefurikiwa na maji nyumbani kwake alipompa Fundi chupa ya mvinyo kwa kumshukuru, naye akaja nayo ameikumbatia, hajui aiweke wapi. Siku hiyo nilikuwa nimeoka kuku. Tukaihangaikia kwa bisibisi, kwa sababu kifungulio cha chupa hatukuwa nacho, na vipande vya kizibo tukawa tunavitoa mdomoni na kuviweka pembeni ya sahani huku tukicheka. Tangu siku hiyo sijapata raha nyingine ya kulingana na ile: chakula kinafuka moshi, glasi ziko mkononi, na watu unaowapenda wamekaa, hawana haraka ya kwenda popote.

Sheria niliitunga mimi. Hakuna kushika uma mpaka kila mtu aseme mvinyo unanukia nini. Si "mzuri" wala "mtamu". Kitu hasa, kitu unachoweza kukishika. Na kilichokwisha kusemwa hakirudiwi. Anayepika ndiye anayeanza, yaani mimi. Anafuata wifi yangu, dada mkubwa wa Fundi, mwalimu mstaafu ambaye mpaka leo akikuuliza "umeelewa?" unatamani kunyoosha mkono. Halafu shemeji yangu, mdogo wao, kinyozi, mtu mwenye domo la kunyolea watu watatu kwa mpigo. Wa mwisho ni Fundi. "Zabibu." Hapo wifi anapiga meza kwa kiganja, kinyozi anamwomba Mungu ampe subira, ndipo tunakula.

Mimi ndiye niliyekuwa bingwa, na sioni haya kusema. Ni mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha magodoro, sahani mia tatu kila mchana, na pua yangu ndiyo iliyonipa cheo. Nilikuwa naingia jikoni asubuhi, koti sijavua, tayari najua nani kaharakisha kitunguu saumu. Mezani nilikuwa nasema vitu ambavyo wifi alidai nimevisoma mahali: droo ya cherehani ya mama yangu, sabuni iliyokaukia mikononi, mkate ulioungua upande mmoja. Fundi alikuwa ananiangalia nikisema, ametabasamu, kama vile yeye ndiye aliyenifundisha.

Kisha mwezi wa pili nikashikwa na homa. Siku tisa kitandani. Siku ya kumi Fundi akaniletea supu, nikaipuliza, nikanywa, nikamuuliza, "Umeniletea maji ya moto?" Akacheka, akidhani namtania. Na mimi nikacheka. Nikainusa tena. Mvuke ukapanda puani ukiwa mtupu, hauna kitu ndani yake, nikanyamaza na kuimaliza yote ili asinione.

Daktari alinimulika puani kwa tochi. "Inaweza kurudi," akasema. "Inaweza isirudi." Nikamuuliza lini. Akasema hajui, akamwita mgonjwa mwingine.

Ulimi ulikuwa mzima. Chumvi niliijua, na sukari, na ukali wa limau. Lakini vingine vyote vilikuwa vimeondoka. Nyama ilikuwa kitu cha kutafuna. Mkate ulikuwa laini au mgumu, basi. Mvinyo ulikuwa maji makali yenye rangi, nami nilikuwa nikiyashikilia mdomoni muda mrefu nikiyabembeleza yaseme kitu.

Sikumwambia mtu. Mpishi asiye na pua ni nani? Kazini nilipika kwa saa na kwa vipimo, nikaanza kumwita msaidizi wangu aonje masufuria "ili ajifunze", yeye ambaye ana miaka hamsini na alikuwa kwenye masufuria yale kabla sijaajiriwa. Aliniangalia, akaonja, hakuuliza. Nyumbani nikajifanya hamnazo. Maneno ya Jumapili niliyaandaa kuanzia Jumatatu. Nilikuwa nakaa kwenye basi nikikumbuka harufu moja baada ya nyingine, ninachagua itakayofaa, naiweka akiba.

Na kukumbuka huko ndiko kulikoniua. Nilitamani vitunguu. Sisemi kuvila. Nilitamani ile dakika vinapoingia kwenye mafuta ya moto na nyumba nzima ikajua kwamba leo tutakula. Nilimtamani Fundi pia. Akirudi kazini nilikuwa namkumbatia mlangoni, pua yangu shingoni mwake, pale palipokuwa na sabuni na shaba na jasho la siku nzima, navuta pumzi mpaka mbavu zinauma, sipati kitu. Alikuwa mikononi mwangu na bado nilikuwa na hamu naye kama aliyesafiri.

Ndipo naye akaanza kunikera. Nikipika, yupo. Ameegemea friji, mikono mfukoni, ametulia.

"Unatafuta nini hapa?" nikamuuliza.

"Sitafuti kitu."

"Basi sogea, unanizibia mwanga."

Anasogea hatua moja. Kesho yake yuko palepale. Mwanamume ambaye kwa miaka yote hiyo alikuja jikoni kwa ajili ya sinki tu, sasa nikigeuka namgonga. Nilimtolea uvivu mara mbili tatu, nikamwambia akanunue gazeti. Hakwenda.

Jumapili moja ya mwezi wa sita ikafika. Nilikuwa nimepika nyama ya kukaanga na viazi vya kuponda, kwa vipimo. Fundi akafungua chupa, akamimina. Neno langu la wiki hiyo lilikuwa zuri, nilikuwa nalibania tangu mwezi wa tano. Nikainua glasi, nikafumba macho kwa madaha, nikanywa.

"Aa," nikasema. "Huu ndio mvinyo sasa. Maganda ya chungwa. Yale ambayo baba alikuwa akiyaanika juu ya redio." Kwa kuwa walikuwa kimya, nikaongeza chumvi. Nikasema tangu tuanze hatujapata chupa nzuri kama ile.

Wifi alikuwa ameisogeza glasi yake mbali na uso. Kinyozi akanusa, akanusa tena, akamwangalia kaka yake.

"Shemeji," akasema, "mbona huu unanuka tambara la kudekia lililosahauliwa kwenye ndoo?"

Mvinyo ulikuwa umeharibika. Kizibo kilikuwa kibovu, hutokea mara moja moja, na mtu yeyote mwenye pua angejua kabla glasi haijamgusa mdomo. Wifi akaniangalia kwa yale macho yake ya kusahihisha madaftari. Bado nilikuwa na nafasi ya kuangua kicheko na kudai nimewatania, na pengine yangepita.

Fundi akachukua glasi yake. Haikuwa zamu yake. Akanusa, akapiga fundo zima, akameza bila kukunja uso, akaiweka glasi chini.

"Maganda ya chungwa," akasema. "Mpishi kasema kweli."

Hata wifi alishtuka. Mtu ambaye sikuweza kumng'oa kwenye zabibu kwa maneno makali wala kwa kumbembeleza alikuwa amelitupa neno lake na kubeba langu, tena la uongo, tena lililokwisha kusemwa. Nikajua kwamba anajua. Na kwa jinsi alivyoitazama sahani yake, nikajua amejua siku nyingi.

Nikainuka, nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

Fundi alikuja wageni walipokwisha kuondoka. Nilikuwa naosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu wiki ile maziwa yalipoungua, na wewe umesimama juu yake unaimba."

"Ndiyo maana umehamia kwenye friji."

Akajikuna kidevu. "Mpira wa gesi ulikuwa unavuja mwezi wa nne. Nikaubadilisha. Ulikuwa umesimama hapo hapo unakata karoti."

Hasira ilikuwa karibu zaidi kuliko woga, nikaishika hiyo. "Umenigeuza mtoto wa kuchungwa," nikamwambia. "Na leo umenidanganyia mbele ya dada yako."

"Ulitaka nisemeje?"

"Zabibu!" nikapiga kelele. "Ungesema zabibu, kama siku zote!"

Kisha nikamwambia lililokuwa moyoni, kwamba kwenye meza ile sikai tena. Nitapika, wao watakula, mimi nitakula hukohuko jikoni nikiwa nimesimama, kwa sababu kwangu chakula sasa ni kuni za kuendeshea mwili, na kuni hazihitaji kitambaa cha meza.

Nikatimiza. Jumapili mbili nilipitisha sahani, nikarudi, nikafunga mlango. Nilikula mbele ya sinki nikiangalia ukuta wa jirani. Niliwasikia. Nilisikia kizibo kikitoka, nikasikia mvinyo ukimiminwa, nikajikuta nimesimama na kijiko hewani, nasubiri maneno. Kilichofuata kilikuwa mlio wa uma kwenye sahani. Walikuwa wanakula tu. Hakuna aliyesema mvinyo unanukia nini, hata kinyozi, ambaye hata kwenye msiba hanyamazi. Nadhani walinionea huruma. Jumapili ya pili nililia, na machozi yakaniingia mdomoni, na hiyo chumvi ndiyo ladha pekee niliyoipata katika mlo ule.

Jumapili ya tatu nilikuwa nimetia kuku na viazi kwenye oveni, nafuta meza ndogo ya kukatia, niliposikia bisibisi sebuleni. Kisha kitu kizito kikaburutwa. Kisha sauti ya kinyozi: "Sukuma kwako, kaka!"

"Kwangu ni wapi?"

Nikafungua mlango. Meza yetu ya chakula ilikuwa inanijia ubavu ubavu, miguu miwili imefunguliwa, miwili bado ipo. Fundi alikuwa mbele, anarudi kinyumenyume na jasho limemjaa. Nyuma kinyozi. Nyuma yake wifi, amebeba chupa na vitambaa, anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyafuata.

"Mnafanya nini?" nikauliza.

"Umesema hukai tena kwenye meza ile sebuleni," Fundi akasema.

"Sikusema sebuleni!"

"Sasa sisi tutajuaje?"

Ikaingia nusu, ikakwama mlangoni. Mimi na Fundi tulikuwa upande wa jikoni, wenzetu upande wa pili. Ikagoma kwenda mbele, ikagoma kurudi.

"Ulipima?" wifi akauliza kutoka huko.

"Nilipima mlango," Fundi akajibu.

"Na meza?"

Mtu huyu anakata bomba kwa kipimo cha unene wa ukucha, na meza aliyokula juu yake miaka ishirini na miwili hakuwahi kuipima. Kwa hasira zangu zote nilihisi kicheko kinanipanda, nikakimeza. Nikawaambia waiinamishe, miguu iliyobaki iingie kwanza, waizungushe. Nilishika upande mmoja mwenyewe. Ilipita ikiwa imekwangua rangi ya mlango kutoka juu hadi chini, na mpaka leo mkwaruzo huo upo.

Fundi akarudishia miguu. Jikoni pakawa hapana pa kupita. Viti viliingia vitatu tu, kwa hiyo kinyozi akakalia ndoo iliyofunikwa. Kiti cha wifi kiliegemea friji, na kila mtu aliyetaka kitu alilazimika kumwomba asimame. Kiti changu walikiweka pale pale nilipozoea kusimama, mbele ya sinki, na Fundi akakaa karibu na oveni, goti lake likigusa goti langu. Sikukubali kukaa. Nilikaa tu kwa sababu hapakuwa tena na mahali pa kusimama.

Chupa ikafunguliwa. Fundi akakinusa kizibo kwanza, muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali, akamimina. Glasi nne.

"Anayepika ndiye anayeanza," wifi akasema, kisha akaona alichosema, akainamisha kichwa.

Nikaitazama glasi. Rangi yake ilikuwa nzuri, nyekundu inayokaribia kuwa nyeusi. Nilijua kwamba nikiinusa sitapata kitu. Neno la akiba sikuwa nalo na sikulitaka.

"Mimi sina," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema mbele yao. "Tangu homa ile sina kabisa. Nilikuwa nawadanganya. Na ninaumia, sitaki kusema uongo. Kila siku naumia."

Wifi akaweka mkono wake juu ya wangu, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama nimeelewa.

"Leo naanza mimi," Fundi akasema.

"Tunajua," kinyozi akasema, kwa sauti ya chini. "Zabibu."

"Zabibu zimo." Akaingiza pua kwenye glasi. Akakaa humo mpaka nikadhani amesinzia. Alipotoka, masikio yalikuwa yamemwiva. "Sijui kusema hivi vitu. Unanukia... siku ile ya kwanza. Kantini. Nimelala chali chini ya sinki lako, maji yananidondokea usoni, sioni kitu isipokuwa viatu. Viatu vyako. Vinaenda, vinarudi. Kuna vitunguu vimeanza kubadilika rangi. Kuna mifupa imechemka tangu alfajiri. Kuna karafuu mahali, si nyingi. Kuna uvundo wa bomba, huo ni wa kwangu. Halafu mkate ukatoka, mtu akafungua mlango, ukaingia ubaridi wa nje pamoja na mkate. Ndiyo huu. Huu hapa."

Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kuhusu kitu kisichovuja.

"Kisha ukanikanyaga mkono," akaongeza.

"Sikukukanyaga."

"Ulinikanyaga, ukaniambia, 'Fundi, toa mkono wako kwenye njia.' Mimi nikakwambia, 'Samahani, Mpishi.'"

Karafuu zilikuwa tatu. Nilikumbuka. Nilikuwa nimezichomeka kwenye kitunguu kizima ili zisipotee kwenye sufuria, na asubuhi hiyo hakuna mtu mwingine jikoni aliyekuwa ametambua kwamba zimo. Nilidhani hakuna aliyetambua. Nikaisogeza glasi usoni nikavuta pumzi. Hapakuwa na kitu, hewa tupu, baridi. Nilivitamani vitunguu vile kwa kiasi ambacho siwezi kukueleza, na niliitamani asubuhi ile, na miguu yangu ilivyokuwa myepesi. Nikaiweka glasi yangu mbele ya Fundi.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Ni chupa ileile, Mpishi."

"Najua. Nusa hivyo hivyo."

Akanusa. Akaanza upya, kwenye viatu. Safari hii alikumbuka kwamba mkate uliungua kidogo chini, nami nikamkatalia, na wifi akasema kwa kuwa mimi sikuwa sakafuni sina ushahidi. Kinyozi aliomba zamu yake, akasema yeye anasikia kiti cha ngozi na poda ya watoto, tukamwambia hiyo ni saluni yake, si mvinyo. Kicheko kikatutoka wote, cha kubanana, viwiko vikigongana.

Katikati ya kicheko hicho nikamkumbuka kuku. Mwili uliinuka nusu wenyewe. Saa ya ukutani sikuwa nimeitazama tangu meza ikwame, wala sikujua nilimtia saa ngapi. Zamani ningejua. Zamani ningekuwa nimeshasimama na kitambaa mkononi kabla mtu hajaniuliza.

Nikamwangalia Fundi, aliyekaa karibu na oveni, mahali ambapo kwa miezi minne nilimfukuza.

"Kuku vipi?" nikamuuliza.

Akageuza uso kuelekea mlango wa oveni, akavuta pumzi taratibu, kama nilivyokuwa nikivuta mimi.

"Bado," akasema. "Dakika tano."

Nikakaa.